Aliyesimama kituo cha pili

Mrushaji hakuwa amemaliza kuinua goti, na mkimbiaji wa timu ngeni alishaondoka kituo cha kwanza. Mdakaji aliunyaka mpira, akasimama, akauvurumisha, vyote kwa pumzi moja. Vumbi likatimka kituo cha pili. Mwamuzi akatandaza mikono: salama, kituo kimeibwa.

Mpwa wangu, ambaye siku hizi anachezea timu ya besiboli ya shule yake na anajiona mtaalamu, aliruka kitini ingawa aliyeiba si wa timu yetu.

"Mjomba, umeiona hiyo spidi?"

Nimeiona. Ila mzee aliyekaa kushoto kwangu, Mmarekani mweusi mwenye kofia iliyopauka kwa jua ya Bisons, timu ya hapa Buffalo, jimbo la New York, hakuwa na habari na mkimbiaji. Macho yake yalikuwa kwa kijana wa nyumbani aliyekuwa akilinda kituo cha pili, ambaye bado ameinama anajisugua ugoko.

"Watu wote huangalia anayekimbia," akasema bila kunigeukia. "Zamani hapa mjini tulikuwa na mtu akicheza pale na mbao miguuni. Frank Grant. Ukipata nafasi mtafute."

Akarudi kwenye karanga zake. Hakuongeza neno mpaka mechi ikaisha.

Sisi Waswahili wa Buffalo, watu wa Kigoma, Uvira, Bujumbura na kwingineko, tumejaa upande wa magharibi wa mji huu, na mpira tunaoujadili ni mmoja tu, ule wa miguu. Besiboli tunaisikia kwa mbali, kupitia watoto. Lakini zile mbao zilikataa kunitoka kichwani. Nikiwa ghalani napakua mizigo, zipo. Nikiwa kwenye basi, zipo. Nikaanza kusoma, jioni kwa jioni, na nilichokikuta kilikuwa kikubwa kuliko mbao.

## 138

Nilianzia kwenye namba, kwa sababu mpwa wangu alishaniuliza nani mwizi mkubwa kuliko wote, na kwa sababu mashabiki wa besiboli wanapenda kuhesabu kuliko wahasibu.

Kwa ambao mchezo huu ni mgeni kwao: uko kituo cha kwanza, mpira haujapigwa, hakuna anayekulazimisha kwenda popote. Wewe unatimka kwenda cha pili kwa hiari yako. Umbali ni futi 90, kama mita 27 na nusu. Mdakaji lazima aurushe mpira kutoka nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi kituo cha pili, karibu mita 39, na mtu aliyesimama pale aupokee na kukugusa nao kabla hujafika. Wakenya mliocheza raunda shule ya msingi mnalijua joto lake.

Mfalme wa kazi hiyo ni Rickey Henderson, aliyefariki Desemba 2024. Vituo 1,406 katika maisha yake yote, na 130 katika mwaka mmoja, 1982. Anayemfuata kwa jumla, Lou Brock, ana 938. Hapo hakuna mashindano.

Lakini fungua orodha ya mwaka mmoja mmoja, utakuta jina juu ya Henderson. Hugh Nicol wa Cincinnati, mzaliwa wa Uskoti, mtu mfupi wa kimo: 138, mwaka 1887.

Na hakuwa peke yake. Mwaka uleule Arlie Latham wa St. Louis aliiba 129. Nahodha wake, Charlie Comiskey, 117. John Ward wa New York, 111. Unajiuliza hawa watu walikuwa wanakula nini.

Nilipoona wastani wa Nicol wa kupiga mpira nikasita. 0.215. Huo ni wastani wa mtu anayetafutiwa mbadala. Ndiyo, alikuwa fundi wa kungoja mipira mibaya hadi apewe kituo cha kwanza bure, lakini hata hivyo 138 haikukaa sawa.

Jibu liko kwenye hesabu yenyewe. Wizi wa vituo ulianza kuandikwa rasmi mwaka 1886, na kwa miaka zaidi ya kumi waandishi wa alama walikuwa wakarimu mno. Mwenzako akipiga mpira wa kukutoa cha kwanza hadi cha pili, wewe ukaunganisha mpaka cha tatu, uliandikiwa wizi. Kanuni tunayoifahamu leo ilikuja mwaka 1898. Kwa hiyo 138 ya Nicol na 130 ya Henderson zimekaa kwenye orodha moja lakini hazihesabu kitu kimoja. Mimi nampa Henderson taji na silali macho.

Kilichonisumbua zaidi ni safu ambayo haipo kabisa: waliokamatwa. Ty Cobb wa Detroit mwaka 1915 aliiba 96 na kukamatwa mara 38, na namba hiyo ya pili inakufundisha kuhusu Cobb kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1887 namba ya pili haipo. Aliyefaulu ana jina na hesabu. Aliyemgusa akamtoa ana vumbi lake.

Na anayepokea ule mpira je? Huyo hakuwa na safu yoyote kwenye hesabu za wizi.

## Mwamuzi mmoja

Ili kuelewa kwa nini watu waliiba hivyo, ilibidi niache namba na kuangalia uwanja ulivyokuwa.

Mwamuzi alikuwa mmoja. Mmoja, kwa uwanja mzima. Mike Kelly wa Chicago, ambaye mashabiki walimwita Mfalme, alijenga jina kwa kuutumia upungufu huo: mwamuzi akigeuka kufuata mpira, Kelly anakata kona. Badala ya kukanyaga kituo cha tatu anapita ndani kwa ndani kuelekea nyumbani, na akiulizwa ana uso wa mtu aliyetoka msikitini. Mwaka 1887 Chicago walimuuza kwa Boston kwa dola 10,000, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa gumzo la nchi, na msimu huo akaiba 84. Watu walimtungia wimbo wa kumhimiza aserereke.

Nakiri Kelly alinichekesha. Kuna aina ya ujanja wa uwanjani ambao hata anayeibiwa anatamani kuupigia makofi.

Halafu kuna mikono. Mdakaji alikuwa na kinyago cha waya cha kukinga uso, kilichoingia kwenye mchezo miaka ya 1870, na glavu nyembamba ambazo leo usingevaa hata kupalilia. Walinzi wengine wengi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuzoea glavu. Bid McPhee, mlinzi wa kituo cha pili wa Cincinnati na mwenzake Nicol, alicheza mikono mitupu hadi mwaka 1896. Mpira mgumu, mkono mtupu, kila siku. Huyu yumo kwenye Jumba la Umaarufu kule Cooperstown tangu mwaka 2000, na angekuwa ndugu yangu ningemwombea daktari.

Sasa mweke mtu huyo kituo cha pili na umfikirie vizuri.

Mkimbiaji anakuja kutoka upande mmoja, mpira unakuja kutoka upande mwingine. Mlinzi hana budi kuutazama mpira, maana akiukosa mkimbiaji anapata cha pili na pengine cha tatu. Kwa hiyo katika dakika ile ya hatari kuliko zote, yeye ndiye mtu pekee uwanjani asiyeona miguu ya mkimbiaji inafika wapi. Na viatu vya mkimbiaji vina meno ya chuma.

Mchezo mzima wa wizi umejengwa juu ya mtu huyo kuangalia kwingine.

## Dunlap Mweusi

Frank Grant alizaliwa mwaka 1865 huko Pittsfield, Massachusetts. Alikuja Buffalo mwaka 1886 kuchezea timu iliyobeba jina hilohilo la Bisons, katika ligi inayoitwa International League, hatua moja chini ya ligi kubwa. Alikuwa mweusi. Gazeti moja la hapa lilipomtambulisha lilisema ni Mhispania, nadhani kwa kuwapa wasomaji wake kitu cha kujishikiza.

Alicheza kituo cha pili.

Walimwita Dunlap Mweusi, wakimfananisha na Fred Dunlap, mzungu aliyehesabiwa kuwa bora wa zama hizo katika nafasi hiyo. Sifa za namna hii ninazijua. Unasifiwa kwa kuazimwa jina la mtu mwingine. Lakini uwezo haukuwa wa kuazima. Mwaka 1887 aliongoza ligi kwa mapigo ya kuzunguka vituo vyote. Alidumu Buffalo misimu mitatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kulifanya kabla yake na timu moja katika ligi za wazungu. Mwaka 1888, wa mwisho, wenzake wa timu walikataa kupiga naye picha ya pamoja.

Uwanja waliochezea, Olympic Park, ulikuwa kwenye kona ya Richmond na Summer. Ninaijua hiyo kona. Ni upande wetu, upande wa magharibi. Nimepita hapo nikiwa na mifuko ya unga na mafuta ya mawese mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na leo ni nyumba za watu, miti na magari yaliyoegeshwa. Nilipojua nilirudi kwa makusudi, nikasimama. Hakuna cha kuona. Mama mmoja akanitazama dirishani kwa wasiwasi, nikaendelea na safari yangu.

## Mbao

Sasa ile habari ya mzee.

Mwaka 1891, Ned Williamson, aliyekuwa nyota wa Chicago, alisimulia kwenye gazeti la michezo jinsi mtindo wa kuserereka miguu mbele ulivyoanza. Kwa maelezo yake, Buffalo walikuwa na mweusi kituo cha pili, na wachezaji wazungu walikuwa na uchungu naye. Wakakubaliana: kila anayefika cha pili aingie miguu mbele, meno ya viatu yakitangulia, amtoboe. Yule mtu akawa anacheza mechi mbili katika tano, zinazobaki yuko kwenye magongo. Ndipo akajitengenezea kinga ya mbao miguuni. Na wao, anasema Williamson, wakashindana nani ataipasua.

Anaeleza kama mtu anayechekesha baa.

Niliisoma usiku, nikafunga simu, nikaifungua tena. Nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani sentensi ya kuanzia makala hii: kwamba ule msererekeo ambao mpwa wangu anafundishwa shuleni, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooshwa, ulizaliwa hapa Buffalo kwa ajili ya kumtoboa mtu mweusi. Sentensi nzuri. Ingesambazwa sana.

Shida ni kwamba haisimami. Watu walikuwa wakiserereka miguu mbele kabla Grant hajakanyaga Buffalo. Wanahistoria wa mchezo huu wameipima habari ya Williamson na kuiona ni chumvi ya msimuliaji katika suala la asili ya mtindo. Kwa siku kadhaa nikawa na hasira naye mara mbili: kwanza kwa ukatili, halafu kwa kutoaminika.

Nikataka kuiacha mada yote.

Kilichonirudisha ni ushuhuda mwingine, wa miaka miwili kabla ya huo. Mwaka 1889 mchezaji mzungu wa International League, bila jina lake kutajwa, alilieleza gazeti jinsi mambo yalivyokuwa. Yeye hakumzungumzia Grant pekee. Alimtaja Bud Fowler, mweusi mwingine, naye wa kituo cha pili, kwamba alikuwa akicheza na kinga za mbao sehemu ya chini ya miguu, kwa kuwa alijua karibu kila anayekuja cha pili kuiba anamtafuta yeye na atamtia meno ya viatu akiweza. Akaongeza kuwa karibu nusu ya warushaji walijaribu kuwapiga wachezaji hawa kwa mpira wanapoenda kupiga. Huyu hasimulii kichekesho, wala hadai kwamba mtindo fulani ulianzia mahali fulani. Anaeleza kazini kwake palivyo.

Kwa hiyo chukua chumvi ya Williamson uitupe, kinachobaki bado kina mbao ndani yake.

Na kinachobaki ndicho kilichobadilisha jinsi ninavyoziona zile namba za mwaka 1887. Nilikuwa nimezisoma kama habari za miguu myepesi na waamuzi wasioona. Lakini wizi wa kituo ulikuwa pia ruhusa. Ulimpa mtu sababu halali ya kukimbia kwa nguvu zake zote kuelekea mwili wa mwenzake, viatu mbele, mbele ya mashabiki, na ikiwa mwamuzi ni mmoja na yuko nyuma ya mdakaji, nani atasema ulikusudia kituo au ulikusudia ugoko? Waliokuwa na haraka ya kufika walifichama mle mle walimofichama wenye haraka ya kuumiza. Kwenye karatasi wote waliandikwa kwa alama moja.

Sisemi Nicol au Latham walimtoboa mtu. Wao walicheza ligi nyingine. Nasema tu kwamba namba haiwezi kukuonyesha tofauti, na sijaona tena namba ya zamani nikaiamini kwa kuitazama tu.

Mwaka 1907 Roger Bresnahan, mdakaji mzungu wa New York, aliingia uwanjani amevaa vikinga ugoko waziwazi. Watu walimcheka, halafu wakamwiga, na leo hakuna mdakaji anayecheza bila vikinga. Jina lake lipo kwenye kila historia ya vifaa vya besiboli. Mbao za Fowler na Grant, miaka ishirini kabla, huwa zinatajwa kama kioja.

Williamson mwenyewe, kabla sijamwacha: mwaka 1889, kwenye ziara ya dunia ya tajiri wa vifaa vya michezo Albert Spalding, alikuwa anakimbilia kituo cha pili kwenye uwanja wa kokoto mjini Paris, akaanguka, goti likaharibika. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu jikoni, kicheko ambacho si cha kujivunia.

## Tarehe 14 Julai

Kwa sababu ya namba za wizi nilikuwa nimeukalia mwaka 1887 kama mwaka wa sherehe. Halafu nikaona ni mwaka gani hasa.

International League ilianza msimu ule ikiwa na wachezaji weusi wasiopungua 7. Fowler alikuwa Binghamton, anapiga vizuri mno na ameshaiba vituo zaidi ya 20 kabla ya katikati ya msimu. Wenzake wakasema hawachezi tena naye. Mapema Julai akaachwa. Newark walikuwa na mrushaji George Stovey na mdakaji Moses Fleetwood Walker, wote weusi, mmoja anarusha mwingine anadaka.

Tarehe 14 Julai, Chicago ya Cap Anson ilikuja Newark kwa mechi ya kirafiki. Stovey alitarajiwa kurusha. Hakurusha, ikasemwa anaumwa. Walker naye hakucheza. Anson alikuwa na sifa ya kukataa kushiriki uwanja mmoja na weusi na hakuwahi kuificha.

Siku hiyohiyo, mamia ya kilomita kutoka hapo, wakurugenzi wa ligi walikaa kikao. Wakaamua kwamba hakutaidhinishwa mkataba mpya wa mchezaji yeyote mweusi. Kura zilikuwa 6 kwa 4. Timu ambazo bado zilikuwa na mweusi zilipinga. Binghamton, waliokuwa wametoka kuwaachia wa kwao, walikuwa upande wa wengi.

Kikao kilifanyika Buffalo.

Nimesoma mistari hiyo nikiwa kwenye basi linalopita katikati ya mji, na sikuwa na cha kufanya nayo. Mji uliotupokea sisi, ukatupa nyumba, shule za watoto na kadi za maktaba, ndimo mlimokaa watu wakapiga kura hiyo huku mlinzi bora wa kituo cha pili katika ligi akiwa anaishi humuhumu na kucheza humuhumu. Grant hakuguswa na uamuzi moja kwa moja, kwa kuwa ulihusu mikataba mipya. Alibaki msimu mmoja zaidi, ule wa picha. Kisha akaenda kwa Cuban Giants, timu ya weusi, akaendelea kucheza besiboli ambayo waandishi wa alama wa ligi kubwa hawakuiandika. Alifariki New York mwaka 1937. Kaburi lake huko Clifton, New Jersey, lilikaa bila jiwe hadi mwaka 2011, miaka mitano baada ya yeye kuingizwa Cooperstown. Fowler akaingizwa mwaka 2022.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya tukiwa mezani. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: je, siku hizi mtu akikutia viatu kituo cha pili, sheria inasemaje?

Inasema, lakini ilichelewa. Oktoba 2015, Chase Utley wa Los Angeles aliingia kwa kishindo kituo cha pili na kumvunja mguu Ruben Tejada wa New York kwenye mechi ya mtoano, runinga zote zikiwaka. Haukuwa wizi, ulikuwa mkimbio wa kuvuruga mrusho, lakini mahali ni palepale na ugoko ni uleule. Mwaka uliofuata ligi iliandika kanuni: mkimbiaji aserereke kwa nia ya kufika kituoni na kubaki kituoni, asimfuate mlinzi. Mwaka 2023 wakaongeza ukubwa wa vituo vyenyewe, kutoka inchi 15 hadi 18, kwa kutaka watu wasigongane, na wakambana mrushaji asimcheleweshe mkimbiaji ovyo. Matokeo: wizi ulipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mlinzi akalindwa kidogo, na mwizi akafaidika zaidi ya wote. Mpwa wangu aliliona hilo kuwa haki tupu, kwa sababu yeye ni mkimbiaji.

## Jersey City

Miaka 58 baada ya kile kikao, Brooklyn walimsajili Jackie Robinson, mchezaji mweusi. Hawakumleta ligi kubwa moja kwa moja. Walimpeleka kwanza timu yao ndogo ya Montreal, iliyokuwa ikicheza International League. Ligi ileile.

Nafasi waliyompa ni kituo cha pili.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Aprili 1946, ugenini Jersey City, safari fupi kutoka Newark ambako Stovey alisemwa anaumwa. Nimeisoma ripoti ya mechi hiyo kuliko ripoti yoyote ya michezo maishani mwangu, na simhesabii sana ule mpira alioupiga ukatoka nje na kuleta alama tatu, ingawa ndio wote wanaoukumbuka. Ninachokirudia ni awamu ya tano.

Aligusa mpira kidogo tu kwa gongo, ukadondoka karibu, akakimbia na kufika cha kwanza. Kisha akaiba cha pili. Mpigo wa chini wa mwenzake ukamsogeza cha tatu. Na hapo hakutulia. Akawa anatoka, anarudi, anatoka tena kama anaiba nyumbani, anasimama ghafla, anarudi. Mrushaji alikuwa na mpira mkononi na sheria shingoni: ukishaanza mwendo wa kurusha huruhusiwi kusita. Akaanza. Akamwona Robinson anatoka. Akasita.

Mwamuzi akamwelekeza Robinson nyumbani, bila mtu kumgusa na bila mpira kurushwa.

Awamu ya nane alikuwa tena cha tatu, mrushaji ni mwingine, na kosa likawa lilelile. Alimaliza na mipigo minne kati ya mitano, vituo viwili vya wizi na alama nne alizofunga mwenyewe. Montreal walishinda 14 kwa 1.